Kumwondoa Mwalimu Peke Yake Hakutoshi

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2023, mjini Marrakech, Timu ya Taifa ya Uganda iliifunga Niger mabao 2 kwa 0. Lakini katika mesi yetu hapakuwa na aliyepiga makofi. Usiku uleule, mjini Annaba, Tanzania ilikuwa imetoka suluhu na Algeria bila kufungana. Pointi ile moja iliipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na pointi ile moja ikawaacha Cranes nyumbani. Hata chai haijapoa mezani, hukumu ilikwisha kutolewa kutoka kila pembe: mwalimu aondoke.

Naye mwalimu akaondoka. Kabla mwezi huo haujaisha, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Uganda (FUFA) na Milutin Sredojević, Mserbia ambaye wengi wetu humwita Micho, walikuwa wamekwisha kuachana. Novemba 2023 akaja Paul Put, Mbelgiji. Waliokasirika wakaridhika, na mambo yakaendelea.

Leo twalirudia jambo hilo kwa sababu halikuzikwa mwaka ule. Kila mara Timu ya Taifa inapojikwaa, sauti ileile huinuka. Desemba 2025, nchini Moroko, timu ilipotolewa katika hatua ya makundi ikiwa na pointi 1 kwa michezo 3, swali katika kantini lilikuwa lilelile: je, mwalimu aliyeshindwa abadilishwe? Ni swali la haki, na kila mwananchi anaruhusiwa kuliuliza. Lakini askari, ambaye amefundishwa kwamba kushindwa kwa kikosi huchunguzwa kabla ya mtu kuhukumiwa, yampasa alijibu kwa utaratibu kuliko mtu mwingine yeyote.

Maoni yetu ni haya, nasi twayasema mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Kumwondoa mwalimu aliyeshindwa kufuzu kwaweza kuwa jambo la haki kabisa. Lakini kumwondoa yeye peke yake, bila kuuliza ni nini kilichoshindikana na kwa mkono wa nani, ni kuificha kasoro na kuiwekea akiba ya kesho.

DIRA MBOVU

Mwandishi wa maneno haya anakumbuka zoezi moja la usiku alipokuwa kadeti. Platuni ilipewa ramani, dira moja, na amri ya kufika kwenye kilima fulani kabla ya alfajiri. Kadeti aliyekabidhiwa uongozi akapotea. Saa nane za usiku mkufunzi akamvua uongozi mbele ya wenzake, akampa mwingine. Huyo wa pili naye akapotea, tena mbali zaidi, hata tukajikuta ndani ya kinamasi, maji yakitufika magotini. Kulipoanza kupambazuka, wa tatu aliigeuzageuza ile dira mkononi, akaona kuwa sindano yake hukwama. Kumbe kadeti wa kwanza alikuwa amelitaja jambo hilo jioni, wakati wa kupokea vifaa, akajibiwa kuwa dira nyingine hakuna, atie sahihi aende zake.

Asubuhi mkuu wa mafunzo alitupanga mstari. Sote tulidhani kadeti wa kwanza atasafishwa jina. Hakusafishwa. Mkuu alimwuliza maswali matatu tu. Ulipewa nini? Ulichopewa ulikitumiaje? Na yule aliyejua kwamba kina kasoro alifanya nini? Kwa swali la pili kadeti yule alipata adhabu, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa mbalamwezi na kilima kilikuwa kikionekana, naye aliendelea kuifuata sindano aliyokwisha kujua kuwa ni mbovu. Kwa swali la tatu, aliyeitoa dira ile ghalani alipata adhabu kubwa zaidi. Nayo dira ikabadilishwa siku hiyohiyo.

Mwandishi amekwisha kusahau mengi ya chuoni, lakini maswali hayo matatu anayo hata leo. Basi na tuyatumie katika jambo hili la mpira, moja baada ya jingine.

MWALIMU ALIPEWA NINI?

Katika kundi lake la kuwania fainali zile, Uganda ilipangwa pamoja na Algeria, Niger na Tanzania. Tarehe 4 Juni 2022 ilifungwa na Algeria mabao 2 kwa 0 mjini Algiers. Siku 4 baadaye ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Niger katika uwanja wa Kitende. Huo ndio mchezo pekee, katika michezo yote 6, uliochezwa juu ya ardhi ya Uganda.

Uwanja wa Taifa wa Mandela ulioko Namboole, uliofunguliwa 1997 na ambao kwa miaka mingi ulikuwa ngome yetu, ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Kitende nako kukawa hakukubaliki tena kwa michezo ya ngazi hiyo. Kwa hiyo mchezo wetu wa "nyumbani" dhidi ya Tanzania, tarehe 24 Machi 2023, ulichezwa Ismailia, nchini Misri, nasi tukafungwa 1 kwa 0. Mchezo wetu wa "nyumbani" dhidi ya Algeria, tarehe 18 Juni 2023, ulichezwa Douala, nchini Kameruni, nasi tukafungwa 2 kwa 1.

Msomaji na achukue kalamu. Michezo 3 iliyoitwa ya nyumbani ilituletea pointi 1 kati ya 9. Michezo 3 ya ugenini ilituletea pointi 6 kati ya 9, kwani tarehe 28 Machi 2023 tuliifunga Tanzania 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam kwa bao la dakika za mwisho, na Septemba tukaifunga Niger. Jumla ni pointi 7. Tanzania ilipata 8. Timu iliyokwenda kushinda Dar es Salaam, mbele ya umati wa wenyeji, haikuwa timu ya kudharauliwa. Ila ilikuwa timu isiyo na kwao.

Kila askari aliyewahi kukaa lindo anajua tofauti ya kulinda kituo chako na kupigana mahali ambapo hujui kisima kilipo. Uwanja wa nyumbani ni chakula kilichozoeleka, ni usingizi kamili, ni jua unalolijua, ni watu elfu arobaini wanaoimba kwa lugha yako wakati miguu imechoka. Mwalimu wetu alinyimwa hayo yote katika michezo 2 ambayo matokeo yake ndiyo yaliyoamua hatima yetu.

Tena isisahaulike kwamba huyu hakuwa mgeni kwetu. Katika kipindi chake cha kwanza, kilichoanza 2013, ndiye aliyeiwezesha Uganda kuifunga Comoro 1 kwa 0 pale Namboole tarehe 4 Septemba 2016, bao la Farouk Miya, na kurudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 39. Mara ya mwisho ilikuwa 1978, tulipofika mchezo wa mwisho mjini Accra na kufungwa na Ghana 2 kwa 0. Na mwalimu huyo aliyevunja ukame wa miaka 39 aliondoka Julai 2017 kwa sababu ya mishahara ambayo haikulipwa. Askari hahitaji kuelezwa maana ya mshahara unaochelewa. Ajua jinsi mtu anavyosimama gwarideni huku mawazo yake yako kwenye karo ya mtoto.

ALICHOPEWA ALIKITUMIAJE?

Hapa ndipo wale wanaomtetea mwalimu kwa kila jambo hawana budi kunyamaza kidogo.

Katika michezo 6 timu ilifunga mabao 5. Ukiondoa mchezo wa mwisho, michezo 5 ilikuwa na mabao 3 tu. Timu isiyofunga haifuzu, hata ikipewa uwanja wa dhahabu.

Tazama tena hesabu. Kama pale Ismailia tungetoka sare tu, Uganda ingemaliza na pointi 8 na Tanzania ingebaki na 6. Kama pale Kitende tungeifunga Niger, tungemaliza na pointi 9 dhidi ya 8 za Tanzania. Kitende ilikuwa nyumbani hasa, si kwa jina. Na Ismailia, ijapokuwa haikuwa nyumbani kwetu, haikuwa nyumbani kwa Tanzania pia. Wote wawili walisafiri, wote wawili walilala katika vitanda vya kukodi, wote wawili walicheza juu ya nyasi zilezile. Tanzania ilipata bao moja kupitia kwa Simon Msuva ikalilinda. Sisi hatukupata kitu. Siku 4 baadaye wachezaji walewale wa Uganda walishinda Dar es Salaam, na hivyo wakaonyesha kwamba uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Kamanda ambaye kikosi chake kinaweza jambo Jumanne lakini Ijumaa hakikuliweza, lazima aeleze Ijumaa ilikuwaje.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mwalimu alionewa. Alikuwa amekabidhiwa timu tangu Julai 2021. Aliwajua watu wake. Aliijua nchi. Lengo alilijua. Hakulifikia, na shukrani kwa kazi ya 2016 haiwezi kuwa kinga ya milele. Afisa aliyepata nishani katika vita vilivyopita huheshimiwa kwa nishani yake. Lakini haimpi ruhusa ya kupoteza vita vinavyofuata bila kuulizwa. Kuondolewa kwake kulikuwa ndani ya haki ya waajiri wake, na mwenye kusema hivyo hakosei.

ALIYEJUA ALIFANYA NINI?

Swali hili la tatu ndilo ambalo katika mesi zetu hatukumsikia hata mtu mmoja akiliuliza, nasi twakiri kwamba hatukuliuliza sisi pia.

Uwanja hauchakai usiku mmoja. Paa huanza kuvuja kwa tone, viti huvunjika kimoja kimoja, vyoo huziba, taa hufifia, majani huota upara mahali pa mlinda mlango. Kwa miaka yote hiyo wako watu waliopita pale na kuona. Wako waliopaswa kuandika, na wako waliopaswa kusoma yaliyoandikwa. Mwalimu wa mpira haagizi saruji wala hapimi taa. Akifungwa Douala badala ya kucheza Namboole, sehemu ya kushindwa huko si yake. Ni ya wale waliotia sahihi, au walioacha kutia sahihi, miaka mingi kabla yeye hajarudi.

Na ushahidi wa jambo hili umo mikononi mwa Jeshi lenyewe. Kazi ya kuufufua uwanja wa Namboole ilikabidhiwa Brigedi ya Uhandisi ya UPDF. Vijana wale, ambao majina yao hayatangazwi redioni siku ya mchezo, walibeba vifusi, wakapanga viti, wakalaza nyasi mpya, hata Juni 2024 Timu ya Taifa ikacheza tena katika ardhi yake. Katika kampeni iliyofuata, ya kuwania fainali za 2025, Uganda ilicheza nyumbani michezo 3, yote Namboole. Ikaifunga Kongo ya Brazzaville 2 kwa 0, ikaifunga Sudan Kusini 1 kwa 0, ikafungwa na Afrika Kusini 2 kwa 0. Pointi 6 kati ya 9. Ugenini ilipata pointi 7 kati ya 9. Jumla 13, nasi tukafuzu Novemba 2024.

Tulinganishe. Ugenini, mwalimu wa zamani alipata pointi 6 na mwalimu mpya alipata 7. Tofauti ni pointi moja. Nyumbani, wa zamani alipata pointi 1 na wa mpya alipata 6. Tofauti ni pointi tano. Ni kweli kwamba wapinzani hawakuwa walewale, na Algeria si Sudan Kusini. Mwenye kupima kwa haki lazima aliweke hilo kwenye mizani. Ni kweli pia kwamba uwanja peke yake haushindi: Juni 2024 Algeria walikuja Namboole na kutufunga 2 kwa 1, na Afrika Kusini nao wakaondoka na ushindi. Lakini mtu anayesema kwamba kilichobadilika ni mwalimu tu, hajaitazama ile safu ya nyumbani. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kufuzu kwa 2024 kulikuwa na jasho la mwalimu mpya, na jasho la wachezaji, na jasho la koplo wa uhandisi aliyesukuma toroli.

TULIOWAACHA WALIKWENDA WAPI?

Kuna jambo jingine ambalo hasira haina subira ya kulitazama, nalo ni kumbukumbu.

Tarehe 8 Oktoba 2011 Uganda ilihitaji kuifunga Kenya pale Namboole ili ifuzu kwa fainali za 2012. Ikatoka suluhu. Mwalimu Bobby Williamson, Mskoti, hakufukuzwa. Mwaka uliofuata alifika tena karibu, akatolewa na Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Aliondoka 2013. Hapo tulisubiri, na kusubiri hakukutupa fainali.

Tarehe 29 Machi 2021 Uganda ilifungwa 1 kwa 0 na Malawi mjini Blantyre, ikakosa fainali zilizochezwa Kameruni. Mwezi uliofuata Johnny McKinstry, wa Ireland ya Kaskazini, akaachana na timu. Nani alichukua nafasi yake? Alikuwa Sredojević, ambaye mwezi uleule wa Machi 2021 alikuwa akiifundisha Zambia, nayo Zambia ilikuwa imekosa fainali zilezile! Tulimwondoa mtu kwa kosa la kutofuzu, tukamleta mwingine mwenye kosa hilohilo. Hatusemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa wa kipumbavu, kwani sifa zake za 2016 zilijulikana. Twasema tu kwamba kama kutofuzu ndiko kosa lisilosameheka, basi lingekuwa hivyo kwa wote wawili. Na kama lasameheka, basi ilitupasa kueleza kwa nini mmoja asamehewe na mwingine asisamehewe.

Na hao waliokwenda walikwenda wapi? McKinstry alikwenda Nairobi, akaipa Gor Mahia ubingwa wa Kenya mara 2 mfululizo. Sébastien Desabre, Mfaransa aliyetufikisha raundi ya 16 bora huko Misri mwaka 2019, alikabidhiwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, akaifikisha nusu fainali ya Afrika mwanzoni mwa 2024. Basi hatuwezi kusema kuwa wote tuliowaacha hawakuwa na elimu. Yafaa tujiulize kama nyumba yetu ilikuwa na nafasi ya kuitumia elimu yao.

WAKATI WA KUBADILISHA

Atakuwapo msomaji atakayesema: mbona wengine hubadilisha na kufaulu? Ni kweli, nasi hatutaki kuuficha ukweli huo.

Hao hao Wakongo walipoteza michezo yao 2 ya mwanzo ya kuwania fainali za Ivory Coast, wakiwa chini ya Héctor Cúper. Hawakungoja mpaka mwisho. Walimwondoa ikiwa imebaki michezo 4, wakamweka Desabre, wakafuzu. Ivory Coast nao, wakiwa wenyeji, walipofungwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta Januari 2024, walimwondoa Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano na kumkabidhi timu msaidizi wake, Emerse Faé. Tarehe 11 Februari 2024 walikuwa mabingwa wa Afrika.

Lakini tuitazame mifano hiyo kwa jicho la kiaskari. Wakongo walibadilisha wakati mabadiliko yangali na faida, si baada ya vita kwisha. Ivory Coast walimkabidhi kazi mtu aliyekuwa tayari ndani ya kambi, aliyewajua wachezaji kwa majina na kwa tabia. Ni sawa na makamu kushika amri kamanda anapoanguka. Hakuna kati yao aliyengoja kushindwa kukamilike kisha akaanza kutangatanga kutafuta mtu.

Italia yatufundisha upande mwingine. Novemba 2017 ilikosa Kombe la Dunia, ikamwondoa Gian Piero Ventura. Roberto Mancini akaja, na Julai 2021 Italia ikawa bingwa wa Ulaya. Machi 2022 Mancini huyohuyo akafungwa na Macedonia Kaskazini mjini Palermo, Italia ikakosa Kombe la Dunia tena. Safari hii hawakumfukuza. Agosti 2023 akajiuzulu mwenyewe. Nchi moja, kosa moja, maamuzi mawili. Basi hakuna sheria ya jumla isemayo kila ashindwaye aondoke, wala hakuna isemayo kila ashindwaye abaki. Liko shauri la kupimwa, kila mara, kwa maswali yaleyale matatu.

YAPASAYO KUTENDEKA

Tukiwa gazeti la taifa, haitutoshi kulaumu. Twatoa mashauri manne.

La kwanza, lengo liandikwe kabla ya kampeni kuanza, na liandikwe pande zote mbili. Upande mmoja useme mwalimu atafikisha nini. Upande wa pili useme atapewa nini: uwanja upi, siku ngapi za kambi, safari za namna gani, mshahara tarehe ngapi. Amri inayotaja kilima bila kutaja dira ni amri nusu.

La pili, upimaji ufanyike katikati ya safari. Baada ya michezo 3 mwalimu aitwe, aulizwe, asikilizwe, na ikibidi abadilishwe hapo, wakati pointi zingali zinatafutwa.

La tatu, baada ya kila kampeni, iwe ya kushinda au ya kushindwa, taarifa itolewe kwa wananchi. Isiwe barua ya kushukuru na kuagana, bali taarifa inayosema lipi lilikuwa la mwalimu, lipi la wachezaji, lipi la viongozi. Mwenye kosa la uwanja atajwe kwa wadhifa wake kama mwenye kosa la kutofunga anavyotajwa kwa jina lake.

La nne, wasaidizi wazalendo waandaliwe kama makamu wa kamanda wanavyoandaliwa, si kama wabeba mikoba ya mgeni. Na hapo klabu za vyombo vya ulinzi zina deni. Simba, timu ya Jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972. Polisi wetu walitwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 2006. Kambi zilizotoa wachezaji wa namna hiyo zaweza kutoa walimu pia, iwapo koplo mwenye kipaji cha kufundisha atapelekwa shule badala ya kuachwa akipuliza filimbi katika mechi za kombania.

NENO KWA ASKARI

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi kwa sisi.

Wako miongoni mwetu ambao usiku wa mchezo huweka posho ya mwezi kwenye kamari, na timu ikifungwa humtukana mwalimu kana kwamba ndiye aliyewatia mkono mfukoni. Wako ambao hurudi kwa familia zao na hasira ya Ismailia, wakaimalizia kwa mke na watoto ambao hawakukosa penalti yoyote. Wako waliovalia sare ya taifa na kusema maneno ya chuki juu ya jirani wa Tanzania kwa sababu alifuzu kwa jasho lake. Hayo si mapenzi ya timu. Hasira ni hasara, na askari aliyeshindwa kutawala hasira yake kwa sababu ya mpira atatuambiaje kwamba ataitawala mkononi mwake mkiwa na bunduki?

Na wewe polisi, ambaye siku ya mchezo husimama kwenye mlango wa Namboole ukiupa uwanja mgongo, ukisikia kelele za bao ambalo hukuliona: wewe wajua kuliko sote kwamba kundi likitaka mtu wa kulaumu humchagua aliye karibu. Kazi yako siku hiyo ni kusimama kati ya hasira na mtu mmoja. Tunakuomba uifanye kazi hiyo hata unapovua sare na kuketi na wenzako mezani. Mtu akisema "mwalimu aondoke," mwulize kwa upole: alipewa nini? alikitumiaje? na aliyejua alifanya nini? Ikiwa baada ya majibu hayo bado mwalimu anastahili kuondoka, basi na aondoke, kwa haki na kwa heshima, akiwa amelipwa haki zake zote.

Usiku ule wa zoezi tulibadilisha kiongozi mara mbili, na mara zote mbili tuliendelea kupotea. Tulifika kilimani jua likiwa limekwisha kuchomoza, buti zimejaa matope, na siku hiyo hapakuwa na aliyetucheka, kwani mkuu alikuwa amekwisha kuagiza ghala zima likaguliwe. Platuni iliyofuata ilipewa dira nzima. Nao wakafika kabla ya alfajiri.